Niache uinjilisti au niendelee? Naomba ushauri wa waliowahi kuubeba mzigo huu

Mwinjilisti_Kijijini (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnishauri, na ningependa anishauri mtu aliyewahi kuongoza mtaa, usharika, au hata kwaya tu. Wengine mnajua sana kutia moyo lakini mzigo wenyewe hamjawahi kuushika.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, yaani tawi dogo la kanisa chini ya usharika, Singida vijijini. Dhehebu silitaji. Wenye kulijua watalijua kwa maneno ninayotumia, basi wanisitiri. Nilimaliza chuo cha Biblia nikapangiwa mtaa huu, mke wangu akiwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha tatu na ana wadogo zake wawili. Tulianza kusali kwenye darasa la shule ya msingi. Leo kuna jengo la tofali za kuchoma limefika kwenye lenta, limekwama hapo, na mbuzi za jirani zinalala ndani.

Posho yangu inatoka usharikani. Ikitoka. Mwaka wa alizeti nzuri inakuja kwa wakati, mwaka wa ukame naambiwa "mtumishi, tuombe". Mama watoto anauza vitumbua siku za mnada wa ng'ombe, ndiko zinakopatikana sare na michango ya shule. Hilo silalamikii, nilijua naingia wapi.

Kinachonimaliza ni mengine. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni mnunuzi wa mazao, na ndiye aliyetukopesha hela ya nondo. Alitaka nisome madhabahuni majina ya watu ambao hawajamaliza bahasha zao za ahadi. Nikakataa, kwa sababu orodha ile naijua: wengi ni wajane na bibi wanaolea wajukuu. Tangu hapo hakuna kikao kinachoisha bila maneno. Halafu wakati wa kufunga hesabu za mwaka nikaletewa taarifa ya mapato na matumizi nisaini. Ndani yake kuna mifuko ya saruji ambayo mimi, ninayeishi ukuta kwa ukuta na stoo, sijaiona ikishushwa. Sijasaini mpaka leo. Taarifa iko chini ya godoro.

Juu ya hayo, kuna mtumishi amefungua huduma pale senta, ana spika kubwa na anatabiri mpaka namba za simu za watu. Vijana wangu wa kwaya wamehamia huko na kinanda walichokinunua wenyewe kwa hela za vibarua. Siwezi kuwadai, ni chao. Jumapili nahubiria akina mama, watoto, na wazee wawili wanaosinzia.

Sasa niseme la ndani kabisa, maana hapa hamnijui. Siku hizi siombi. Naombea wagonjwa, nafungua vikao kwa sala na kuvifunga, naendesha darasa la kipaimara, lakini nikibaki peke yangu sina ninachomwambia Mungu. Nikiwa katikati ya mahubiri naisikia sauti yangu tu. Usiku pikipiki ikipita naamka na kuvaa viatu, nikidhani wamekuja kuniita msibani.

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kahama. Amesema niende nikalisimamie, kuna chumba na kuna mshahara. Nimemuuliza mke wangu. Amejibu, "Wewe ndiye uliyeitwa," akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Niache? Mtu anajuaje kwamba huu ni wakati wa kuondoka, na kwamba si jaribu alilopaswa kulivumilia?


Barikiwa_Daima

Usiache mtumishi!!! Mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe. Adui ameona muujiza wako uko mlangoni ndiyo maana vita imekuwa kali. Wagalatia 6:9, tutavuna kwa wakati wake tusipozimia roho. Hilo duka la Kahama ni chambo. Kaza mwendo, nakuombea.


MamaNeema_Iringa

Barikiwa, ungemuuliza kwanza watoto wake jana walikula nini.

Mwinjilisti, pole. Mimi ni mke wa mchungaji, na nimekuwa mhazini wa usharika vipindi viwili, kwa hiyo mambo haya nayajua kutokea jikoni na kutokea kwenye daftari la fedha. Nianze na la mkeo. Hilo jibu lake nimewahi kulitoa mimi mwenyewe. Hutolewa na mwanamke aliyezoea kuulizwa wakati mume ameshaamua. Usilichukue kama ruhusa. Kaeni chini watoto wakiwa wamelala, umuulize kitu kingine kabisa: wewe hapa umechoshwa na nini? Kisha unyamaze. Watumishi wa Mungu kunyamaza mnaona kazi sana.

Sasa la dunia. Usharika unakukatia NSSF? Kama unakukatia, pata taarifa ya michango yako uone kama kweli inafika, maana kukatwa na kuwasilishwa ni mambo mawili. Pensheni ya uzee inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka kumi na mitano. Kama umebakiza kidogo, usitupe. Ukienda kwenye duka la kaka yako, mwambie akuandikishe na aendelee kukuchangia, au ujiandikishe mwenyewe kama mtu aliyejiajiri. Na muandikiane mkataba. Ndugu wa tumbo moja wamegombana kwa sababu ya duka mpaka wakazikana kwa kususiana.

Ukiamua kuondoka, usiondoke usiku. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Na kumbuka nyumba unayolala ni ya mtaa. Siku unapokabidhi barua, ujue watoto watahamia wapi na watasoma wapi, hasa huyo wa kidato cha tatu.

Kuhusu kama ni dhambi kwenda Kahama: Matendo 18, Paulo alikuwa anashona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Sijasoma mahali ambapo kanisa lilimwambia amerudi nyuma. Mimi kwa upande wangu, ukienda, sitakuhesabia.


Mwinjilisti_Kijijini

Asante sana mama. NSSF wanakata, ipo kwenye karatasi ya malipo. Kama inafika sijawahi kufuatilia. Nitafuatilia nikienda mjini.


Mchungaji_Mstaafu

Shalom mwanangu. Mimi nimestaafu. Kabla ya hapo nilikaa muda mrefu kwenye ofisi ya jimbo la kanisa, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kufungua barua za watumishi wanaoomba kuacha. Nitakueleza nilichokiona kwenye barua zile.

Karibu zote zilifika Februari na Machi. Mtu wa mjini hilo halimwambii kitu, ila wewe wa Singida unalielewa. Ghala limebaki vumbi, uwele bado mbichi shambani, mahitaji ya shule ya Januari yalipatikana kwa mkopo, sadaka imekuwa ya sarafu, hesabu za mwaka zimetoka kusomwa na kila mtu ana lake. Barua ikija kipindi hicho nilikuwa siifikishi kwenye kikao. Naiweka kwenye droo, nampigia mwenyewe simu, namwambia tuonane ukianza kupiga alizeti. Wengine walikuja Juni wakaomba barua yao huku wakicheka. Wengine walikuja Juni hiyohiyo, wamevuna na wameshiba, wakasema, baba, bado nataka kuondoka. Hao niliwaamini, na niliwasaidia kuondoka vizuri. Na wewe umeandika Machi.

Jingine: barua zile zilisema "sababu za kifamilia". Sikuwahi kuona iliyoandika saruji. Ukiwaita ukawapa chai ndipo unasikia yaliyopo. Kwa hiyo wewe umewatangulia wengi, umeshasema. Ila umeyasema mambo matatu kwa pumzi moja, na ukiyaacha yamefungana hivyo hutapata jibu.

Uchovu kwanza. Soma 1 Wafalme 19, lakini usome kwa ajili yako, usitafute hubiri. Eliya ametoka Karmeli ameshinda, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea. Hakumwambia adui ameona muujiza wake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno yalikuja baadaye sana, kule Horebu. Na maneno yenyewe tunayahubiri nusu. Wanaopenda watu wakaze mwendo wanaishia pale anapoambiwa arudi njia aliyojia. Mstari unaofuata anaambiwa akamtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Kurudi kazini na kumwandaa wa kushika kazi yake aliambiwa kwa wakati mmoja, na mzee hakupewa nafasi ya kuchagua kimojawapo.

Mama Neema amekutajia siku 28 za notisi. Ziko 28 nyingine ambazo watumishi hamzitumii: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mwinjilisti aliyeajiriwa ni mfanyakazi. Lini umeomba likizo? Sina maana ya kwenda semina. Semina ni kazi iliyohamishiwa mahali penye soda.

Hilo la kutoomba halinitishi kama linavyokutisha wewe. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na ipo kwenye Biblia. Ukipata likizo, nenda kanisa ambalo hakuna anayekujua, ukae benchi la nyuma, uombewe na wewe. Kipaza sauti usikiguse hata wakikulazimisha kutoa salamu.

La pili ni ugomvi. Ndugu Barikiwa anaamini kwamba vita ni dalili ya muujiza. Vita vingine ni dalili kwamba mmekosana. Upinzani peke yake haukuambii ukae wala uondoke. Weka mistari miwili ya Paulo bega kwa bega. 1 Wakorintho 16, mstari wa 8 na wa 9, anasema atakaa Efeso kwa sababu amefunguliwa mlango mkubwa, na wanaompinga ni wengi. Amewataja wapinzani kama kitu cha kawaida cha mahali pale, akabaki. Sasa 2 Wakorintho 2, mstari wa 12 na wa 13: amefika Troa, mlango umefunguka, hakuna anayempinga anayetajwa, naye anaaga na kwenda Makedonia. Kisa? Hakumkuta Tito, aliyekuwa akimtarajia na habari za Korintho, na moyo wake haukutulia. Mtume Paulo aliacha mlango ulio wazi kwa sababu ya wasiwasi juu ya watu wa mahali pengine! Ingekuwa leo tungemwitia kikao.

Mimi naielewa hivi. Kule Efeso alikuwa na kitu cha kuwapa watu, na walikuwa wanakipokea hata kama wengine walikuwa wanarusha mawe. Kule Troa mwili ulikuwapo, roho iko Korintho. Kwa hiyo mwache mwenyekiti wako kidogo. Hao akina mama, hao watoto, na hao wazee wawili wanaosinzia (wazee kusinzia ni haki yetu), una kitu cha kuwapa? Kama huna sasa hivi, ni kwa sababu umechoka au ni kwa sababu kimekwisha? Hilo huwezi kulijua mpaka uwe umelala usingizi wa mwezi mzima. Na je, katika hao yupo anayeweza kushika? Nimeona mitaa iliyodumaa kwa sababu mwinjilisti alikuwa mvumilivu mno na hakumwachia mtu yeyote hata kusoma somo la pili. Sisi si Wakatoliki, lakini Februari 2013 Papa Benedikto wa 16 alitangaza kwamba nguvu zimepungua, na kabla mwezi haujaisha akatoka. Siku zile nilisikia wachungaji wakisema amekimbia msalaba. Niliona kama wanaogopa mfano huo usiwafikie.

La tatu ni saruji, na hapa sitakubembeleza. Usisaini, na usiondoke kabla hujaandika.

Ukienda Kahama ukiwa umeacha taarifa ile haina majibu, utashangaa jinsi mifuko ile itakavyokufuata mpaka kwenye duka la kaka yako. Mtumishi akiondoka kimya, kila kilichopotea mtaani kinaandikwa jina lake, na duka linauza saruji! Andika barua kwa mchungaji kiongozi, nakala kwa mkuu wa jimbo. Sema tu unachokijua: taarifa ya tarehe fulani inaonyesha mifuko kadhaa, mimi sikushuhudia ikipokelewa, naomba kuona stakabadhi ya dukani na karatasi ya kupokelea mzigo, na naomba mkaguzi aje. Usiandike kwamba fulani ameiba. Hilo hulijui. Inawezekana saruji ilishushwa kwake kwa sababu stoo yenu inavuja, na hakuna aliyejali kukuambia. Nakala moja baki nayo, na hiyo usiiweke chini ya godoro.

Kisha ngoja. Wakija kukagua, vizuri. Lakini mchungaji kiongozi akikuita na kukuambia usaini tu kwa ajili ya amani ya kanisa, hapo nitakuambia uondoke, hata kama umeshapumzika, hata kama posho imeingia yote na kinanda kimerudi. Uchovu unatibika, na ugomvi wa kamati unaisha siku kamati inapochaguliwa upya. Mtu aliyekwishasaini uongo Jumamosi akihubiri Jumapili, sijui dawa yake.


Mkaya_wa_Kaloleni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kaloleni, Kilifi, huwa naongoza ibada kasisi asipofika, kazi yangu ya kula ni ualimu. Nimesoma nikaona niongeze kitu kimoja kutoka huku kwetu, maana huku habari ya kuvumilia tunahubiriwa kila mwaka kwa mfano wa wamisionari wa kwanza wa Rabai, karibu na Mombasa.

Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, mkewe Rosina akafariki na mtoto mchanga. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, akamfuata 1846, wakaanza kazi Rabai. Sasa wahubiri wetu wanasema hivi: Rebmann alivumilia, Krapf hakumaliza. Ni kweli kwamba Krapf aliondoka 1853, afya imemshinda. Rebmann akabaki mpaka 1875, bila kurudi Ulaya hata mara moja, macho yakamwishia hukuhuku, na alipofikishwa kwao Ujerumani hakumaliza hata miaka miwili. Waumini aliowaacha walikuwa wachache sana.

Lakini angalia Krapf huyo "aliyeshindwa". 1862 alirudi pwani kuwasindikiza Wamethodisti, wakaanzisha Ribe, na misheni ile ikashika mizizi. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye ameshafariki mwaka uliotangulia. Kazi hiyo aliikamilisha akiwa kwao, mbali na Rabai. Angelazimisha kukaa, pengine tungekuwa na kaburi la tatu na kamusi hatuna.

Na Rebmann mimi simdharau, namheshimu kuliko wengi. Ila nikiingia kwenye kanisa la Rabai huwa najiuliza swali ambalo silisikii kwenye mahubiri: wale waliomtuma walikuwa wapi mtu anapofuka macho peke yake mlimani? Uaminifu wake tunausifu. Uzembe wa waliomwacha tunauita uvumilivu wake. Ndugu mwinjilisti, swali lako umelielekeza kwako peke yako, niache au nivumilie. Kuna upande wa pili. Usharika wako umeshakuja kukutazama? Wamewahi kukuuliza unalala vipi?


MamaNeema_Iringa

Mwalimu wa Kaloleni, asante. Hilo la waliomtuma ndilo nililokuwa nalitafuta maneno.

Baba mchungaji, shikamoo. Umesema mengi ya maana na barua ya saruji nakubaliana nayo kila neno. Ila niruhusu nikupinge kidogo. Wewe ulikuwa na droo, yeye ana godoro. Ukimwambia asubiri mpaka alizeti, kuanzia sasa mpaka Juni ni vitumbua vya mkewe vinavyosubiri. Mvumilivu humu ndani ni nani hasa? Napendekeza hivi: aombe likizo hiyo ya siku 28, aitumie Kahama. Asimamie duka la kaka yake aone kama kweli ni kazi anayoiweza, au anaitamani kwa sababu iko mbali na mwenyekiti. Wengine wakipewa kaunta na kelele za kukatiwa bati mchana kutwa wanaikumbuka madhabahu ndani ya wiki. Wengine wanagundua kwamba walizaliwa kuuza misumari, na si aibu.


Mchungaji_Mstaafu

Marahaba mama. Droo umenipata nayo. Nakubali aende Kahama, ila siku za mwanzo alale. Akifika tu akapewa funguo za duka, atakuwa amebadilisha uchovu na jina la mwajiri.


Barikiwa_Daima

Mimi bado nasema asiache. Ila kweli alale.


Mwinjilisti_Kijijini

Wapendwa, shikamooni wote mnaostahili. Nilikuwa kimya kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na kitu mkononi.

Barua ya saruji niliandika. Niliipeleka mwenyewe usharikani, nakala nikaituma jimboni kwa mtu anayeaminika. Mchungaji kiongozi aliisoma mbele yangu, akaikunja, akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia kuna nakala jimboni. Akakaa kimya muda, halafu akasema mkaguzi atakuja baada ya Pasaka. Hakuniambia nisaini. Hakunisifu pia. Mwenyekiti amesikia, na Jumapili iliyofuata hakuja ibadani, ila mkewe alikuja na akatoa jogoo kwenye mnada wa sadaka, na akalinunua mwenyewe kwa bei ambayo haijawahi kusikika hapa. Sijui nisome nini hapo.

Likizo nimepewa, itaanza Pasaka ikipita. Swali la nani atashika zamu nililiogopa bure. Kuna mama mmoja mzee wa kanisa, amekuwa akisoma masomo tangu tukiwa kwenye lile darasa. Nilipomwambia, akauliza tu kama ataruhusiwa kuhubiri mahubiri mafupi. Nikamwambia mtaa mzima utashukuru.

NSSF: michango inafika, ina mapengo ya miezi kadhaa. Nimeambiwa nipeleke karatasi za malipo za miezi hiyo. Nimezitafuta, zipo isipokuwa mbili.

Mke wangu nilimuuliza kama mama alivyoelekeza, nikanyamaza. Kumbe hakuchoshwa na umaskini wala na kijiji. Vikao vya kamati vinafanyikia sebuleni kwetu, kwa sababu jengo halina paa. Yeye ndiye anayewachemshia chai watu wanaonisema, kisha anaosha vikombe vyao. Ameniomba kitu kimoja, vikao vihame. Kuhusu Kahama amesema tuende tukaone, tukirudi atasema. Nimeshatangaza kwamba kikao kijacho kitafanyika ndani ya boma la kanisa, kila mtu aje na kigoda chake. Mbuzi tutawatoa.

Kuomba bado. Ila juzi nilienda mjini kwa habari za NSSF, nikapita kanisa moja la pale kwenye ibada ya jioni, nikakaa nyuma kama baba mchungaji alivyosema. Hawakunitambua. Nilisinzia ibada nzima.

Bado nina jambo moja linanisumbua. Mwenyekiti bado anadai hela ya nondo. Siku ile ya mkopo kuna karatasi niliisaini kama shahidi. Nikiondoka na deni halijalipwa, anaweza kunidai mimi? Na je, ni haki niondoke likiwa halijalipwa?


MamaNeema_Iringa

Shahidi si mdhamini. Shahidi anathibitisha kwamba watu walikubaliana mbele yake, basi. Lakini itoe karatasi uisome vizuri, usitegemee kumbukumbu. Tazama juu ya jina lako pameandikwa neno gani, na aliyekopa ni nani: kamati, mtaa, au wewe. Kama hujaelewa, piga picha uiweke hapa, majina uyafunike.

La haki mwachie baba mchungaji.


Mchungaji_Mstaafu

Deni ni la mtaa, na kikao cha mtaa ndicho kitakachopanga namna ya kulilipa, wewe uwepo au usiwepo. Liwekeni kwenye ajenda ya kikao hicho cha vigoda, liandikwe kwenye muhtasari kiasi kilichokopwa, kilicholipwa na kilichobaki, mwenyekiti mwenyewe asaini. Akikataa kusaini kiasi anachodai, niandikie tena.